Maneno Juu ya Regyuleta na Joto Lake



Leo twaacha kidogo maneno ya mishahara. Twaomba mtusikilize juu ya kitu kidogo chenye miguu mitatu kiitwacho regyuleta. Wengi wetu katika nyumba za reli twajitengenezea taa na redio za betri ya sola, na jambo hilo ni jema. Lakini mwenzetu mmoja alikaribia kuunguza nyumba, na watoto wamelala ndani.

Alichukua regyuleta 7805, ambayo hupokea volti 12 za betri na kutoa volti 5. Akaunga taa ndogo zenye kuvuta nusu ampea, kisha akaificha regyuleta ndani ya kisanduku cha plastiki cha sabuni. Taa zikawaka, zikazimika, zikawaka tena. Akabadili waya, akabadili taa, akailaumu betri. Siku ya tatu tulikuta kisanduku kimeyeyuka upande mmoja, nacho kilikuwa karibu na pazia.

Sababu ni nini? Regyuleta ya namna hii huzitupa volti zote zinazozidi, zikawa joto. Toeni 5 katika 12, zabaki 7. Zidisheni kwa nusu ampea: wati 3.5. Taa zenyewe zilipata wati 2.5 tu! Hesabu hii hata sisi tulioishia shule ya misheni twaiweza. Tena sola ikijaza betri, volti hupanda kufika 14, na joto hufika wati 4.5. Regyuleta isiyo na bati la kuipoza huongeza digrii zipatazo 65 kwa kila wati. Ingepita digrii 200, ila 7805 iliyo halali hujizima kabla ya hapo, na ikipoa hujiwasha. Ndiyo maana taa zilikuwa zikicheza.

Basi ifungeni kwa skrubu juu ya bati nene la alumini, mahali penye hewa. Maandishi yakikutazama na miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto ni wa kuingiza, wa katikati ni hasi, wa kulia ni wa kutoa. Msidanganywe na 7905. Jina lafanana, mpango wa miguu yake ni mwingine. Wekeni kapasita ya mikrofaradi 0.33 penye kuingiza, na ya 0.1 penye kutoa, karibu sana na miguu.

Na fyuzi! Wekeni ya ampea 1 pale pale kwenye chanya ya betri, si mwisho wa waya. Regyuleta yaweza kujilinda, lakini waya utokao kwenye betri haujilindi; ukigusana na mwenzake huwa mwekundu kama kaa la moto.

Mwenye kutaka ampea nzima, kwa kuchaji simu, aache 7805 anunue chaja ya gari. Ile hukatakata umeme badala ya kuuchoma, wala haipati moto kiasi hicho.

Mwenzetu yule sasa ana bati la alumini na kisanduku cha chuma chenye matundu. Ameketi pale nyuma. Mwenye swali na amwulize.