Mji Mdogo wa Uznach, Katika Nchi ya Uswisi

(Hotuba ya katekista mbele ya Wakristo na walimu wa Namasakata, katika sherehe za jubilei ya jimbo)





Nimeagizwa kusema habari za mji wa Uswisi uitwao Uznach. Najua wako wanaojiuliza mioyoni mwao: Sisi watu wa Ruvuma, wakulima wa mahindi na korosho, tuna shirika gani na mji wa Ulaya wenye watu wasiofika elfu kumi? Nitajibu, walakini sitajibu mara moja. Kwanza tuutazame mji wenyewe. Mimi sikupata kufika huko. Niyasemayo nimeyapata kwa mapadre wa kale na katika vitabu.

Uznach u katika mkoa wa St. Gallen, upande wa mashariki wa Uswisi, karibu na mwisho wa Ziwa la Zürich. Umesimama juu ya mwinuko mdogo, na chini yake limelala bonde pana tambarare ambamo mto Linth hupita kuingia ziwani. Upande wa kusini na mashariki ni milima. Mmoja waitwa Speer, nao hufikia kimo cha mita 1,950 hivi. Mji wa Zürich, ulio mkubwa kupita yote ya nchi ile, uko mbali kiasi cha kilomita 50. Njia ya reli ilifika Uznach mwaka 1859, na mwaka 1910 ikafunguliwa njia nyingine ipitayo ndani ya mlima, katika tundu lenye urefu wa kilomita zaidi ya nane. Mji wenyewe ulijengwa na mabwana wa Toggenburg yapata mwaka 1200. Baadaye ukatawaliwa na majirani, watu wa Schwyz na wa Glarus, hata ulipotiwa katika mkoa mpya wa St. Gallen mwaka 1803. Habari za mabwana hao sitazirefusha, maana ni vita na mirathi tu, kama za watawala wa kila nchi.

Lakini habari ya lile bonde nataka mwisikilize. Leo ni mashamba na malisho ya kijani, na mgeni husema, Watu hawa Mungu amewapendelea. Yakini haikuwa hivyo. Zamani mto Linth ulishuka kutoka milima ya Glarus ukichukua mawe na changarawe, nao ukaziba mlango wa maji yatokayo katika ziwa jingine liitwalo Walensee. Maji yakakosa njia. Ziwa likapanda mwaka baada ya mwaka, nyumba za Weesen zikaingiwa na maji, na bonde lote likawa kinamasi na matete. Ndipo ikaja homa, ile ile homa ya vipindi tuijuayo sisi, imshikayo mtu kwa baridi na kumwacha kwa jasho. Naam, malaria ilikuwako Ulaya! Watoto walikufa kwayo katika bonde la Linth kama walivyokufa watoto wetu kandokando ya Muhuwesi.

Alitokea mtu wa Zürich, jina lake Hans Konrad Escher, akasema mto ugeuzwe: upelekwe kwanza katika Walensee ukatue mawe yake humo, kisha maji safi yashuke kwa mfereji ulionyoka mpaka Ziwa la Zürich. Kazi ilianza mwaka 1807. Fedha haikutoka kwa mfalme, kwa kuwa mfalme hawana. Watu wa nchi waliombwa kununua hisa, mwenye nyingi na mwenye moja, hata wa mikoa ya mbali wakanunua. Mwaka 1811 mto ukaingizwa ziwani, na mwaka 1816 ukafunguliwa mfereji wa pili. Escher alifariki mwaka 1823. Kinamasi kikakauka, na homa ikaondoka kidogo kidogo.

Na tazameni: mwaka huo huo wa 1816 jua halikuwaka sawasawa, mvua na baridi zikaharibu mavuno, na njaa kubwa ikawapata watu wa St. Gallen, Appenzell na Glarus mpaka mwaka 1817. Walikula nyasi na majani. Hata baada ya hapo umaskini haukuisha. Mwaka 1845 watu wa Glarus walihama kwa makundi kwenda Marekani, wakajenga kijiji walichokiita New Glarus. Nayataja haya kwa ajili ya walimu hasa, kwa maana watoto shuleni hudhani kwamba Ulaya ilizaliwa tajiri.

Maisha yao ya kila siku hufuata majira manne. Wakati wa baridi theluji hufunika bonde, ng'ombe hukaa zizini wakila majani makavu yaliyokatwa na kuanikwa wakati wa joto. Mwezi wa Juni hupandishwa milimani wamefungwa kengele shingoni, na huko juu wachungaji hukamua na kutengeneza jibini. Mwezi wa Septemba hushuka. Siku hizi wenye ng'ombe ni wachache, wengi hufanya kazi viwandani na maofisini, na asubuhi huenda kwa treni. Tarehe 6 Desemba watoto humngoja Mtakatifu Nikolao na mfuko wake wa karanga na matunda. Kabla ya Kwaresima wana siku za ngoma, vinyago na tarumbeta, na mapadre wao hawazikatazi. (Wazee wetu waliokatazwa ngoma zao na mapadre waliotoka Ulaya hiyo hiyo wana haki ya kucheka kidogo.) Mkate huliwa kila siku, pamoja na viazi na maziwa. Ugali wa mahindi nao haukuwa chakula kigeni katika mabonde yale, maskini waliula.

Sasa nijibu swali. Misioni ya Peramiho ilianzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss wa shirika la Wabenediktini wa St. Ottilien, ambao wengi wao walikuwa Wadachi. Mwaka 1902 akafanywa askofu, na tarehe 14 Agosti 1905, katika vita ya Majimaji, akauawa njiani karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Misioni zikachomwa. Tarehe 27 Februari 1906 Wadachi wakawanyonga pale Songea wakuu wa Wangoni, na Nkosi Mputa Gama miongoni mwao. Kisha ikaja njaa iliyoua watu wengi kuliko bunduki. Baadaye ikaja vita kuu ya 1914, Waingereza wakaishika nchi, na wamisionari Wadachi wakaondolewa. Kanisa likabaki bila mapadre wa kutosha. Katika miaka ile walioongoza sala, waliofundisha watoto na kuwazika wafu walikuwa makatekista, watu weusi, wengi wao wasio na mshahara. Majina yao hayakuandikwa katika vitabu kama yalivyoandikwa ya wageni.

Waingereza walikataa Wadachi, lakini Mswisi hakuwa adui wa mtu, kwa kuwa nchi yake haikuingia vitani. Ndiyo sababu mwaka 1919 Wabenediktini walifungua nyumba Uznach, iitwayo St. Otmarsberg, ili kuwapata na kuwalea vijana Waswisi kwa kazi ya misioni. Mwaka 1922 Padre Gallus Steiger, Mswisi wa mkoa wa Luzern, akawekwa kuwa mkuu wa eneo lote la Lindi, ambalo ndani yake zilikuwamo nchi zetu hizi. Eneo hilo likagawanywa mwaka 1931 kuwa Ndanda na Peramiho, naye akawa Abate, kisha Askofu, wa Peramiho. Mwaka 1938 aliwaanzisha masista Waafrika wa Mtakatifu Agnes, ambao leo makao yao ni Chipole. Upande wa Dar es Salaam kazi ilishikwa na Wakapuchini Waswisi tangu mwaka 1921. Basi bila ile nchi ndogo ya milima, wazazi wetu wangengoja sakramenti muda mrefu zaidi.

Jina lenyewe Gallus lina hadithi, na hadithi hiyo imetokea karibu kabisa na Uznach. Ng'ambo ya bonde la Linth kuna kijiji cha Tuggen. Kitabu cha maisha ya Mtakatifu Gallus chasimulia kwamba, yapata mwaka 610, Gallus na mwalimu wake Kolumbano, wamonaki wageni kutoka Ireland, walifika hapo wakakuta watu wakitoa sadaka kwa miungu yao. Gallus akazichoma nyumba za miungu na kuzitupa sadaka ziwani. Watu wakakasirika, wakataka kumwua, na wageni wakafukuzwa. Ndugu zangu, habari hiyo twaijua. Huku Ungoni imesimuliwa kwamba kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa kilichomwa na mmisionari kabla ya vita ya Majimaji. Waswisi hawaoni haya kusimulia kwamba babu zao walimfukuza mtakatifu. Wala hawasemi kwamba babu zao walikuwa wabaya kupita watu wengine. Kwa maoni yangu nasi tuwafundishe watoto wetu habari za 1905 kwa namna hiyo, tukiwataja waliouawa pande zote mbili, bila kuficha moto ulianzia wapi.

Nifike katika hali ya leo. Nyumba ya St. Otmarsberg ilifanywa abasia mwaka 1982, ingaliko juu ya Uznach, lakini wamonaki wamepungua na wengi ni wazee. Vijana wa kuingia ni haba sana. Huku kwetu Songea ilipata askofu wake Mwafrika, Mhashamu James Komba, mwaka 1969. Hanga ikajengwa abasia ya wamonaki Waafrika. Na jimbo letu la Tunduru-Masasi likaanzishwa mwaka 1986, askofu wake wa kwanza akiwa Mhashamu Polycarp Pengo. Tena mapadre Waafrika sasa wanahudumu katika parokia za Uswisi. Mambo haya hunikumbusha korongo wa Uznach. Ndege hao hujenga matago yao makubwa hapo mjini, lakini mnamo mwaka 1950 walikuwa wametoweka katika Uswisi nzima. Bwana mmoja aitwaye Max Bloesch, wa kijiji cha Altreu, aliwarudisha kwa kulea makinda, na wengi wa makinda hao aliwatoa Algeria, huku Afrika.

Kwa hiyo, wazee wangu, ule mkono uliotuletea mabati na saruji umechoka. Hatuwezi kuulaumu. Umefanya kazi kwa miaka mia. Lakini nimesikia mara nyingi katika vikao vyetu mtu akisema, Paa linavuja, tuwaandikie Wazungu. Hapo nawaomba mjue jinsi Wakristo wa Uznach watunzavyo kanisa lao wenyewe. Katika mkoa wao kila Mkatoliki hulipa kodi ya kanisa kadiri ya mapato yake. Mara moja kwa mwaka waumini hukutana, husomewa hesabu yote, hata ya mishumaa na ya kuni za kupashia kanisa moto, wakauliza wanalotaka kuuliza, kisha wakapiga kura kuikubali au kuikataa. Padre naye hukaa akisikiliza. Mikutano hiyo zamani ilikuwa ya wanaume peke yao. Wanawake wa Uswisi walipata kura ya nchi nzima mwaka 1971 tu, na katika jambo hilo sisi tuliwatangulia.

Sisemi tufanye kodi. Msimu wa korosho hutofautiana, na mwaka mwingine tembo hula shamba lote kabla mwenyewe hajavuna. Lakini kusomewa hesabu hakuhitaji mvua nzuri wala bei nzuri. Mtu atoaye debe la mahindi ana haki ya kujua lilikokwenda debe lake, na mimi nionavyo, wengi huacha kutoa si kwa sababu hawana, bali kwa sababu hawakuambiwa.

Halmashauri ya parokia imekubali jambo hili, na Baba Paroko ametoa ruhusa. Hesabu ya mwaka uliopita, ya zaka, ya sadaka za Jumapili na ya fedha ya paa, mwalimu ameishika mkononi. Nampisha aje aisome mbele yenu, nanyi mulize.