Kusoma Falsafa ya Ufaransa bila Mwalimu wa Kufafanua



Mada hii inahusu makundi ya kusoma falsafa ya kisasa ya Ufaransa kwa njia ya mtandao, hasa yale yasiyo na mhadhiri ndani yake: mwalimu wa sekondari aliyeko Tanga, mfamasia wa Lubumbashi, mwanafunzi wa Muscat, wanaokutana kwa simu jioni moja kwa wiki, kitabu kimoja kikiwa mbele yao. Watu wa makundi haya huwa wanyonge. Huona kuwa falsafa yenyewe iko chuoni na wao wanaokota makombo. Naona wanajipunja. Sehemu kubwa ya falsafa hiyo ilizaliwa palepale walipo wao, yaani mezani, watu wakisoma kwa pamoja kitabu cha mtu mwingine.

Mwaka 1933, katika École Pratique des Hautes Études jijini Paris, Alexandre Koyré aliondoka kwenda kufundisha Cairo, na darasa lake likashikwa na Alexandre Kojève, Mrusi aliyezaliwa Moscow mwaka 1902. Kojève alichukua kitabu cha Hegel, Fenomenolojia ya Roho, kilichotoka mwaka 1807, akakaa nacho hadi 1939. Alisoma mistari michache ya Kijerumani, akaieleza kwa Kifaransa, akaichambua, kisha akasogea mbele. Tafsiri kamili ya Kifaransa haikuwapo. Juzuu ya kwanza ya Jean Hyppolite ilitoka 1939, semina ikiwa inafikia mwisho. Wasikilizaji walikuwa wachache, lakini humo walikuwamo Georges Bataille, Maurice Merleau-Ponty, Raymond Aron na Jacques Lacan. Alikuwamo pia Raymond Queneau, mwandishi wa riwaya, aliyeandika aliyoyasikia wiki baada ya wiki. Kitabu cha Kojève kilichochapishwa mwaka 1947 kimetokana kwa sehemu kubwa na madaftari hayo.

Naomba nikae kidogo kwenye kipande kimoja cha kitabu hicho cha Hegel. Hegel anasimulia watu wawili wanaokutana, kila mmoja akitaka mwenzake amtambue. Wanapigana. Mmoja anaogopa kufa, anasalimu amri na kuwa mtumwa. Wa pili anakuwa bwana. Lakini ushindi wa bwana una kasoro, kwa sababu anayemheshimu ni mtu ambaye yeye mwenyewe hamhesabu kuwa mtu, na heshima ya namna hiyo haimtoshi. Mtumwa, kwa kufanya kazi, anaibadilisha dunia na kujibadilisha mwenyewe. Kojève alikifanya kipande hiki kuwa mhimili wa kitabu kizima. Wataalamu wa Hegel wamemlaumu kwa hilo, na nadhani wana haki. Hata hivyo usomaji huo uliopinda ulizaa: Lacan aliondoka na wazo kwamba binadamu hutamani kutamaniwa, akalifanyia kazi maisha yake yote.

Kisha akaja Frantz Fanon. Mzaliwa huyu wa Martinique alisomea udaktari Lyon, na hukohuko akahudhuria mihadhara ya Merleau-Ponty. Katika Ngozi Nyeusi, Vinyago Vyeupe, kitabu cha mwaka 1952, anakirudia kipande kilekile na kukikatalia. Bwana wa makoloni, anasema, hahitaji kutambuliwa na mtumwa. Anachotaka ni kazi ya mtumwa huyo. Tena anasema mtu mweusi wa makoloni ya Ufaransa alipewa uhuru na bwana bila kuupigania. Hapo ndipo kundi linapopata la kufanya. Martinique yenyewe iliwaka maasi Mei 1848, na gavana akatangaza mwisho wa utumwa mara moja, kabla amri ya Paris haijafika. Na msomaji wa Unguja ana lake la kuongeza. Amri ya mwaka 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na bwana akalipwa fidia. Je, mtu huyo alipewa au alidai? Na wanawake waliotoka utumwani wakaanza kujifunga kanga, na baadaye kuvaa buibui, wakikataa mavazi ya utumwa, walitaka kutambuliwa na nani: na mabwana wa zamani, au na wenzao wa Ng'ambo, upande wa mji walikoishi? Maswali haya hayatoki katika muhtasari wowote wa Hegel. Yanatoka kwa watu wa mahali mbalimbali waliokaa juu ya kurasa zilezile.

Hata kundi la kusoma likiwa na bwana wake, yaani mwalimu wa kuliongoza, lina hatari zake. Mwaka 1965, katika École Normale Supérieure, Louis Althusser na wanafunzi wake walisoma Mtaji wa Marx, na mwaka huohuo wakachapisha Lire le Capital. Kazi ya Jacques Rancière, Pierre Macherey na Roger Establet ilikuwamo. Toleo la 1968 liliwaacha wote watatu, wakabaki Althusser na Étienne Balibar. Rancière aliachana na mwalimu wake, na mwaka 1974 akachapisha kitabu kizima cha kumpinga.

Huyo Rancière ndiye ninayemwona kuwa na dawa ya makundi yetu. Kitabu chake cha mwaka 1987, Le Maître ignorant, kinamhusu Joseph Jacotot, Mfaransa aliyekuwa uhamishoni Louvain mwaka 1818. Jacotot hakujua Kiflemi, na wanafunzi wake wengi hawakujua Kifaransa. Akawapa Télémaque ya Fénelon, toleo lenye lugha zote mbili, akawaambia kupitia mkalimani wajifunze maandishi ya Kifaransa kwa msaada wa tafsiri, warudie tena na tena, kisha waeleze kwa Kifaransa walichofikiri. Walifanya vizuri kuliko alivyotarajia, ilhali hakuwa amewafafanulia lolote. Rancière anachota humo kwamba mfafanuzi, kila anapofafanua, humfundisha mwanafunzi kuwa hawezi kuelewa peke yake.

Kwa hiyo napendekeza kiongozi wa kundi asiwe mjuzi kuliko wote. Awe mtu wa kuuliza, kila mjadala unapopaa, ni mstari gani unaosema hivyo. Kurasa zisomwe kwa sauti, hata kama kikao kizima kitaishia kwenye aya mbili. Asiye na bando la kutosha atume maoni yake kwa ujumbe wa sauti, nao usikilizwe kabla ya wengine kusema. Muhtasari wa mitandaoni usiletwe kikaoni hadi kipande kimalizike, maana ukishaingia, watu huacha kutazama maandishi. Na pawe na mshika daftari.

Kitabu cha kuanzia kiwe Ngozi Nyeusi, Vinyago Vyeupe, katika zile kurasa chache zinazomhusu Hegel karibu na mwisho. Zikimalizika, zifuate kurasa za Hegel mwenyewe, maana kundi litazifikia likiwa tayari na ugomvi wa kuzipima. Baadaye kije Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha mwisho cha Fanon, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1978. Humo swali la nani anapewa uhuru na nani anaudai linajibiwa kwa ukali zaidi, na kundi lililokwisha kubishana juu ya 1848 na 1897 litakuwa na cha kumjibu Fanon.