Mbele ya kununua pano ingine, tupime kwanza

Maneno ya kamati ya ufundi kwenye mkutano wa wanachama, Baraka



Mulitutuma Bibokoboko kuangalia sola za wale waliokwisha kurudi. Sababu munaijua. Maombi yamejaa kwenye sanduku la chama na karibu yote yanasema neno moja: pano imekufa, tunaomba ingine. Wafadhili nao wanauliza, na ni haki yao, zile za kwanza zilikwenda wapi. Basi tulipanda, tukazunguka nyumba kwa nyumba na mita ya kupimia umeme. Jibu letu ni hili: pano nyingi ziko nzima. Kilichokufa ni batri, ao waya, ao konvertisa imeunganishwa pahali si pake. Tukinunua pano mpya kwa ile pesa, watu watarudi gizani mwaka haujaisha.

Tuanze na batri, maana hapo ndipo pesa inapotea zaidi. Batri ya asidi ya volti 12, ikiwa imejaa na imepumzika saa chache bila kazi, inasoma kama 12,7. Ikisoma 12,2 imebaki nusu. Ukiishusha chini ya 12 kila siku inaanza kufa ndani, sahani zake zinashika chumvi ngumu isiyotoka tena. Ndiyo maana kuna regilateri: ikiona batri imechoka, inakata taa. Lakini konvertisa, ile sisi tuliokaa Nyarugusu tulizoea kuita inveta, haipiti kwenye regilateri. Inavuta moja kwa moja kwenye batri, na nyingi zinajizima tu batri ikifika karibu 10,5. Hapo imeshachelewa. Halafu watoto wanataka kumaliza mechi: mtu anangoja dakika tano, batri inajikusanya kidogo, anawasha tena. Batri ya kufanyiwa hivyo kila usiku inaweza kufa ndani ya mwaka mmoja.

Tena kuna zile tulizoziacha tulipokimbia Oktoba 2021. Wengine walikuta batri bado iko chini ya kitanda, wakafurahi. Batri iliyokaa tupu miezi mingi haiamki, hata uiwekee pano tatu. Tunasema hivi kwa sababu tumeona watu wanaongeza pano juu ya batri ya namna hiyo.

Ulaji mwingine hauonekani. Konvertisa ndogo ya dukani, ikiwashwa bila kuchomeka kitu chochote, inaweza kula wati 10. Kwa saa 24 hiyo ni wati-saa 240. Pano ya wati 100, kwa ukungu wa kwetu kule juu, siku nzuri inaleta kama 300 mpaka 400. Mufanye hesabu wenyewe: konvertisa ikilala imewashwa, imekula zaidi ya nusu ya jua lenu na taa moja haijawaka. Taa na simu zichukue volti 12 kwenye regilateri. Konvertisa iwashwe wakati wa televisheni ao mashine ya kunyolea, kisha izimwe kabisa.

Kuna mama mmoja anachaji simu za watu, ndiyo inamsomeshea watoto. Konvertisa yake ilikuwa inalia na kujizima hata saa sita mchana. Aliambiwa pano ni dhaifu, akaanza kuweka kando pesa ya shule anunue ingine. Tulipima kwenye batri: 12,5. Tukapima kwenye konvertisa yenyewe, simu zote zikiwa zinachaji: 10,2. Volti mbili na zaidi zilipotelea njiani! Batri ilikuwa chumba cha nyuma, konvertisa iko mbele karibu na wateja, katikati mita 5 za waya mwembamba wa taa, wa milimita 1,5. Tulihamisha konvertisa karibu na batri, tukatia waya mfupi mnene na fizi, na upande wa wateja tukapeleka waya wa 220. Haikulia tena. Watoto wamelipiwa shule.

Sasa pano zenyewe. Wengi wanazishusha kila jioni kwa kuogopa wezi, hatuwalaumu, lakini asubuhi waya zinasokotwa kwa vidole, zinalegea, zinashika kutu. Siku moja mtu anageuza chanya na hasi, regilateri inaungua. Muweke viunganishi vinavyoingia upande mmoja tu. Kivuli nacho, watu wanakidharau. Pano ndogo ni seli zilizofuatana kama watu wanaopitishana ndoo: mmoja akisimama, mstari wote unasimama. Tawi moja la mkaratusi linaweza kuzuia batri isichaji kabisa, ingawa pano karibu yote iko juani. Na musipigilie pano bapa juu ya bati. Muache nafasi ya kiganja hewa ipite, maana pano ikipata moto inatoa kidogo, kisha muiinamishe kidogo upande wa kaskazini, mvua iioshe. Kiangazi cha Juni mpaka Agosti, moshi na vumbi vikizidi, kitambaa na maji asubuhi vinatosha.

Pano nzima ya wati 100, ikifunguliwa waya zote saa sita ya jua kali, inasoma volti 20 mpaka 22. Mukiwa na mita ya ampea 10, muunganishe kwenye pano peke yake: kama 5 ao zaidi, iko sawa. Kwenye batri musijaribu hivyo hata siku moja, mita itaungua na mkono wenu pia. Na mbele ya kulipa dukani, muchukue futi. Pano nzuri ya siku hizi inatoa karibu wati 200 kwa mita moja ya mraba. Kipande cha mita moja kwa nusu mita, hata kama kimeandikwa 200, hakiwezi kuzidi sana 100.

Kwa hiyo tunaomba mkutano ubadilishe matumizi. Ile pesa ya pano inunue mita, waya mnene, fizi na regilateri, kisha batri kwa nyumba ambazo zimepimwa na kuonekana hazina. Vijana wawili wa Bibokoboko wafundishwe kupima na wawe na daftari: tarehe, volti ya batri asubuhi na jioni, nini kilitengenezwa. Wafadhili wetu watapata nakala ya daftari hilo. Ombi la pano mpya lisilo na vipimo liwekwe pembeni mpaka vipimo vifike. Kituo cha afya ndicho kianze, kwa sababu wanawake hawachagui saa ya kuzaa.

Mita ya kwanza iko kwa mwandishi wa chama. Mwenye kuichukua aandike jina, na airudishe Jumamosi.