Kufika Walt Disney World bila gari

Shule zinapofungwa, familia nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili waishio Marekani huanza kuhesabu akiba zao kwa ajili ya safari ya Florida. Wapo pia wanaopokea wazazi kutoka Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura, na wajukuu hawana wimbo mwingine ila kumwona Mickey Mouse pamoja na babu na bibi. Bei ya tiketi za kuingilia huulizwa mapema. Swali la usafiri huja baadaye, na mara nyingi huja likiwa limekwisha kuwa ghali. Je, mtu asiye na leseni ya udereva, au asiyemudu kukodi gari, aweza kufika Walt Disney World na kuizunguka? Jibu ni ndiyo, kwa sharti la kupanga mapema na kuwa na subira.

Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, kusini-magharibi mwa jiji la Orlando. Ardhi yake ni takriban kilomita za mraba 100. Ndani yake mna bustani nne kubwa za burudani: Magic Kingdom, Epcot, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Mna pia hoteli zaidi ya 20 na mtaa wa maduka na mikahawa uitwao Disney Springs. Bustani hizo zimetenganishwa na maziwa, misitu na barabara kuu, hivyo kwenda kwa miguu kutoka Magic Kingdom hadi Animal Kingdom ni jambo lisilofikirika, sembuse chini ya jua la Julai.

Ugumu wa kwanza humkabili mgeni katika uwanja wa ndege wa Orlando. Kuanzia mwaka 2005 hadi mwanzoni mwa 2022, wageni waliolala katika hoteli za Disney walichukuliwa uwanjani hapo kwa mabasi bila malipo. Huduma hiyo imekoma, na sasa mabasi ya kampuni binafsi hufanya kazi hiyo kwa nauli. Tangu Septemba 2023, treni za kampuni ya Brightline hufika uwanjani hapo kutoka Miami, lakini reli yake inakomea hapo hapo. Treni za SunRail, zilizoanza mwaka 2014, hupita katikati ya Orlando na Kissimmee katika siku za kazi, ila hazifiki uwanja wa ndege wala kwa Disney.

Linalobaki kwa mwenye mfuko mwepesi ni basi la umma. Mabasi ya shirika la Lynx huunganisha uwanja wa ndege na kituo kikuu cha Orlando, na kutoka huko, pamoja na Kissimmee, yapo mabasi yaendayo Disney. Nauli yake kwa miaka mingi imekuwa dola 2 tu. Gharama yake halisi ni muda. Anayetoka uwanja wa ndege huenda akalazimika kubadili basi, na safari ambayo gari huimaliza kwa takriban nusu saa yaweza kula saa mbili au zaidi. Kwa hiyo, familia yenye watoto wadogo na mizigo hufanya vyema kugawana nauli ya teksi siku ya kuwasili na siku ya kuondoka, na kuliachia basi siku zilizo katikati.

Akishavuka mpaka wa ardhi ya Disney, msafiri huingia kama katika nchi nyingine. Humo, mabasi, vivuko, treni za reli moja na vibanda vinavyoning'inia kwenye waya havitozi nauli. Kitovu chake ni kituo kikubwa kilichoko ng'ambo ya ziwa, mbele ya Magic Kingdom. Hapo mtu huchagua kivuko au treni ya reli moja, na vyote viwili humfikisha kwenye lango la bustani. Treni nyingine ya reli moja huondoka kituoni hapo kwenda Epcot. Kutoka Epcot, vibanda vya waya vilivyoanza kazi Septemba 2019 humpeleka abiria hadi Hollywood Studios, akibadilisha njiani. Radi zikianza kupiga, kama ilivyo kawaida ya alasiri za kiangazi huko Florida, vibanda hivyo husimamishwa, na abiria hurudi kwenye mabasi au mashua.

Bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, haifikiwi na reli, waya wala mashua. Asiye na gari huifikia kwa basi. Na ndiyo hiyo hiyo iliyo na mji wa kubuni uitwao Harambe, uliojengwa kwa mfano wa miji ya pwani ya Afrika Mashariki, na maandishi ya Kiswahili kutani. Hoteli iliyo jirani ina mikahawa iitwayo Jiko na Boma. Bibi aliyetoka Mombasa, baada ya kuvuka bahari na kubadilisha mabasi, aweza kujikuta akiwasomea wajukuu wake mabango kwa lugha aliyowalea nayo wazazi wao.

Historia ya mahali hapa ina kinaya chake. Walt Disney, aliyefariki dunia tarehe 15 Desemba 1966, hakukusudia kujenga bustani za burudani peke yake. Katika mpango wake, Epcot ilikuwa iwe mji halisi wenye wakazi, ambamo watu wangesafiri kwa treni za reli moja na vigari vya umeme visivyosimama, huku magari yakipitishwa chini ya ardhi. Mji huo haukujengwa. Bustani yenye jina hilo ilifunguliwa mwaka 1982, na vile vigari vimebaki kuwa mchezo wa kujifurahisha ndani ya Magic Kingdom. Nje ya lango, Florida ilibaki nchi ya gari. Mwaka 2011, gavana wa wakati huo, Rick Scott, alikataa fedha za serikali kuu kwa ajili ya treni ya mwendo kasi kati ya Orlando na Tampa, ambayo ingesimama karibu na Disney.

Wanaoonja uchungu wa pengo hilo kila siku si watalii. Walt Disney World imeajiri watu zaidi ya 70,000. Wapo miongoni mwao wafagiaji, wapishi na watandika vitanda wanaotegemea basi lile lile la Lynx, alfajiri na usiku. Mgeni akichelewa hukosa mchezo mmoja. Mfanyakazi akichelewa huenda akakosa ujira.

Kwa anayejiandaa, mambo matatu yafaa kuzingatiwa. Kwanza, achague malazi baada ya kutazama ratiba ya mabasi, kwani chumba cha bei nafuu kilicho mbali na kituo huweza kumgharimu zaidi. Pili, ajue saa ya basi la mwisho la umma kabla ya kuingia bustanini, kwa sababu fataki za usiku hazimngoji dereva wala dereva hazingoji fataki. Tatu, akumbuke kwamba kigari cha mtoto hukunjwa kabla ya kupanda basi, hivyo kilicho chepesi ndicho bora.

Kuuliza si ujinga, na madereva wa njia hizo wamezoea kuulizwa. Safari njema.