Maneno kwa Vijana: Mateso, Kifo na Ufufuko



Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, Mungu alikuwa wapi wazazi wangu walipouawa?" Sikumjibu haraka. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Basi kulia si kukosa imani. Naye aliteswa, akafa, akazikwa. Wakristo tunaamini kuwa siku ya tatu alifufuka, na kwamba nasi tutafufuliwa.

Tarehe 30 Aprili 1997, huko Buta, Burundi, waseminari 40 waliuawa. Waliamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule, wakakataa. Walikuwa vijana kama ninyi. Anayeamini ufufuko aweza kuogopa, lakini hamkani ndugu yake. Tuwakumbuke, nasi tusitengane hapa kambini.