MAJANI YA MPERA NA MAJI YA MTOTO



Mtoto akiharisha, wengi wetu tunakimbilia majani ya mpera. Si ujinga huo. Wataalamu wameyapima maabara, wakakuta tanini na kwasetini: vitu vinavyoua baadhi ya bakteria na kuzuia chembe za mwili zisichakae, kama rangi inavyozuia bati lisipate kutu.

Lakini jamani, kichupa cha maabara si mtoto. Anayeharisha huuawa na kukaukiwa maji, na jani halirudishi maji. Mpeni kwanza maji ya sukari na chumvi: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Macho yakididimia, au akishindwa kunywa, mkimbizeni kwa mganga. Matibabu ya hospitali si mageni hapa Karema; Adrian Atiman alianza kuwatibu wazee wetu mwaka 1889.

Miaka 10 tumeweka akiba. Mama mwenye mgonjwa asingoje siku ya kikao apate nauli. Washika funguo waamshwe hata usiku wa manane, sanduku lifunguliwe.