Hotuba juu ya Ulegevu wa Mwili

Leo twataka kusema juu ya neno moja litamkwalo upesi mno hapa Bunju, nalo ni uvivu. Mtoto akisinzia darasani, huitwa mvivu. Mama akiketi mara kwa mara katikati ya kazi, jirani husema ni mvivu. Wavivu wapo, nasi twawajua. Walakini mara nyingi mtu huyo amepungukiwa na damu, na kumtukana hakumwongezei hata tone moja.

Damu ndiyo mchukuzi wa hewa safi mwilini, na kazi hiyo yataka madini ya chuma. Chuma kikipungua, moyo hupiga mbio kwa mwendo mfupi tu, kichwa huzunguka, viganja na ndani ya kope hupoteza wekundu. Uchunguzi wa afya wa Tanzania wa miaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa wanawake 45 hivi katika kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu, na watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa 58 katika 100.

Homa ya malaria huvunja chembe za damu. Kichocho huitoa pamoja na mkojo. Hedhi nyingi na uzazi wa kufuatana huipunguza. Lakini yuko adui mwingine asiyeonekana, naye ni mnyoo wa safura. Urefu wake ni sentimeta 1 hivi. Mayai yake hutoka na choo, huanguliwa katika udongo wenye unyevu na kivuli, kisha vijidudu hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Wakifika utumboni hujishika na kunyonya damu mchana na usiku. Kusini mwa Marekani watu walidhihakiwa miaka mingi kuwa wavivu. Tume iliyowekwa na tajiri Rockefeller mwaka 1909 ilipopima watoto, iliona yapata 40 katika 100 wana minyoo hiyo.

Chakula nacho kina neno. Chai inywewayo pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie damuni. Afadhali ingojee saa moja. Maharagwe na mchicha vyafaa, na limau huvisaidia. Wako wajawazito watafunao udongo wa sokoni: hamu ile mara nyingi ni dalili ya upungufu, na udongo wenyewe hauutibu.

Usingizi je? Mtoto alalaye saa 4 usiku na kuamshwa saa 10 ili awahi daladala ya mjini amepata saa 6 tu, hali mtoto wa shule ahitaji 9 au zaidi. Na mtu mzima mchovu mwenye kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara apimwe kisukari.

Basi mwalimu amwonapo mtoto mlegevu, atazame kope zake kabla ya kushika fimbo, kisha mzazi ampeleke zahanati. Kipimo ni tone la damu ya kidoleni. Akipewa dawa ya chuma, choo chaweza kuwa cheusi. Asiogope wala asiache, maana hutumiwa kwa miezi, hata baada ya nguvu kurudi. Iwekwe mbali na watoto wadogo, kwa kuwa wakiimeza nyingi ni sumu kwao.